Noti za Mfalme na Siku Nane Nilizonyamaza

Mafinga, nyumbani kwako
Jumapili, baada ya ibada

Dada Tumpe,

Ugonile? Najua watu wa huku wangeshangaa, mtu aliyelazwa chini anaulizwaje amelalaje. Lakini ndivyo mama alivyotufundisha kuamkiana tangu kule Iyunga, na sina salamu nyingine ya kukupa. Kwa hiyo umelalaje, dada yangu? Mimi tangu tukuzike sijalala vizuri.

Ni mimi Asajile, mdogo wako. Nimekaa kwenye kigoda chako karibu na mafiga. Binti yako Atupele amenichania karatasi za daftari, akanipa na kalamu ya risasi, kisha akasema anakwenda kuchuma maharage. Maharage yenyewe alishachuma asubuhi, nimeyaona kwenye ungo. Ameondoka makusudi ili nibaki na wewe.

Nilitaka kuanza kwa kukusimulia safari yangu ya kutoka Mbeya. Nilitaka kusema kwamba dereva alinikaribisha mbele kwa heshima, na kwamba lori lilipokwama kwenye matope mimi ndiye niliyeliinua kwa bega. Maneno yalishakaa tayari mdomoni. Lakini dada, nilikaa nyuma juu ya magunia ya viazi. Tulipokwama nilishuka nikasukuma kama abiria wengine, nikateleza, nikaanguka kifudifudi, na mama mmoja mwenye kuku akanicheka mpaka kuku wake wakastuka. Ndivyo ilivyokuwa. Leo najaribu kusema mambo yalivyokuwa, na unajua mwenyewe kazi hiyo sijaizoea.

Tangu utoto watu walikuwa wananicheka. Niliporudi mtoni nikasema nimekutana na chui akanipisha njia, baba alisema, "Huyu mtoto amezaliwa na ulimi wa ziada." Wewe hukucheka. Uliuliza, "Chui alikupisha upande gani?" Nikakuonyesha kwa kidole, ukatazama kule kichakani kwa muda mrefu kabisa. Wewe ulitangulia kusoma kwa wamisioni, kisha ukanifundisha mimi herufi kwa kuzichora kwa mwiba kwenye jani la mgomba. Mpaka leo herufi zangu zina mkia mrefu kama zako. Ulipoolewa ukaja huku, ukazoea kuamkia watu "kamwene", lakini nilipokuja kukutembelea ulikuwa unasimama mlangoni na kuita kwa sauti, "Asa! Njoo unipe habari za dunia!"

Nami nilikuwa nakupa. Nilipopata kazi ya utarishi benki pale Mbeya, habari zilizidi. Kazi yangu ni kufagia, kuchemsha chai, kupeleka barua posta, na kubandika matangazo ukutani. Kwako nilisema mimi ni mkono wa kulia wa meneja. Nilikueleza habari za Bodi ya Fedha, wale wakubwa wa ng'ambo wanaoamua noti zichapwe vipi na zitumike wapi. Nilisema ni wazee tisa, wanakaa kwenye meza ndefu kuliko kanisa lenu, kila mmoja na birika lake la chai. Wakishindwa kupatana wanamwandikia meneja wetu, naye ananigeukia, "Asajile, unaonaje?" Uliacha kupepeta mahindi. "Na wewe huwaambiaje?" Nikajibu, "Nawaambia wasiwe na haraka." Ulicheka kwa furaha, dada, si kwa kunicheka. Ukawaita majirani waje kumwona ndugu yako.

Hao wazee sijapata kuwaona hata kwenye picha. Hata idadi yao siijui.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Unakumbuka Mfalme alipokufa ng'ambo na binti yake akarithi kiti. Baada ya muda pale benki tukaanza kupokea masanduku ya noti mpya zenye uso wa Malkia. Karani, yule kijana wa Iringa anayevaa tai hata Jumamosi, akawa anazifunga kwa kamba noti za zamani zilizochakaa, zirudishwe zilikotoka. Siku moja nilipokuwa nafuta vumbi mezani kwake nikakuta barua ya Kiingereza kutoka kwa Bodi. Nikaisoma. Tuseme niliitazama. Nilijua neno la mfalme, na neno la noti, na neno la kuondoa. Hayo matatu tu. Katikati yao kulikuwa na maneno mengine mengi, na hayo yalinipita kama magari ya barabarani.

Nikajumlisha mwenyewe. Kwetu chifu akifa, ngozi aliyokalia haikaliwi tena, na fimbo yake haishikwi na mtu mwingine. Nikaona basi na uso wa Mfalme kwenye noti ni hivyo hivyo: amekufa, umekufa naye. Ilinikaa kichwani vizuri sana, kama kofia ya kipimo changu.

Karani alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipokuwa. Ningeweza kumwuliza, "Bwana karani, Bodi wameamua nini hapa?" Angenijibu, ni mtu mpole. Lakini nilishamwambia kwamba Kiingereza nakisoma tangu nikiwa na meno ya utoto. Ningemwulizaje? Nikamaliza kufuta vumbi.

Siku ile ile nikakuandikia. "Dada, Bodi imeketi na kuamua. Noti zote zenye uso wa Mfalme zitakuwa karatasi tupu muda si mrefu. Waambie watu wako wazitoe haraka. Nimekuwahishia kabla ya mtu yeyote Tanganyika." Na kwa kuwa maneno yenyewe niliyaona mepesi, nikachukua muhuri wa benki, ule wa wino wa zambarau tunaogonga kwenye matangazo, nikaugonga chini ya jina langu. Nikaugonga mara mbili. Nilitaka uone ndugu yako ni nani. Barua ikaondoka na lori la Jumanne.

Sikujua, au niseme nilijua nikasahau, kwamba wewe ndiye mtunzaji wa noti za kengele. Akina mama wa usharika wenu walikuwa wanauza viazi na njegere miaka mitatu ili kanisa lipate kengele ya kweli, waache kupiga ile rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa msindano. Walikuchagua wewe uzitunze, mjane, mtu wa kutoka mbali, mwenye lugha nyingine, kwa sababu walikuamini. Ulizisokota ukaziweka kwenye mwanzi wenye kifuniko, ukautundika juu ya mafiga. Na zote zilikuwa na uso wa Mfalme.

Atupele amenisimulia yaliyofuata. Ulisoma barua yangu ukaikunja bila kumwonyesha. Hukuwaambia akina mama kitu, wasije wakatishika bure kabla hujapata njia. Ijumaa ya wiki ya pili akapita mnunuzi wa ngozi na gari lake. Ulimwambia wazi, maskini, hukuwa na hila, ukamwambia noti hizi zinakufa. Akajikuna kidevu, akasema, "Basi mama, nitazichukua kwa kukuhurumia tu." Akakupa kaniki na chumvi ya mawe. Ukawagawia akina mama kila mmoja kipande chake, na siku ile walikushukuru! Walikuimbia. Walisema bila Mama Atupele tungebaki na karatasi za kuwashia moto.

Halafu mwalimu wa shule akapokea mshahara wake, na ndani yake mna nyuso za Mfalme, na dukani zikapokelewa kama kawaida. Mwezi uliofuata hivyo hivyo. Ndipo wakaanza kukutazama. Mama Erasto, rafiki yako wa kwenda naye kisimani, ndiye aliyekupa lile jina. "Mama Kengele, mbona hatuisikii?" "Mama Kengele, ipige kidogo basi, tujue ni saa ngapi." Wazee wa kanisa wakakuita, wakakuuliza ni nani alikudanganya. Ukajibu, "Nilifikiri mwenyewe." Wakakuuliza mara ya pili, ukajibu vile vile. Wakakuondoa kwenye uongozi wa akina mama, na kwaya wakakuambia upumzike. Kupumzika! Wewe uliyekuwa unaimba hata ukichutama kupanda viazi.

Sasa sikiliza neno hili. Hili hata Atupele hakulijua mpaka leo.

Alhamisi, siku mbili tu baada ya barua yangu kuondoka, karani alinipa tangazo la Kiswahili nilibandike nje. Lilikuwa ni shauri lile lile la Bodi, limeandikwa sasa kwa lugha ninayoijua. Lilisema noti za Mfalme ni halali kama zilivyokuwa, wala mtu asihangaike, zilizochakaa tu ndizo zitaondolewa kidogo kidogo zikifika benki. Dada, nililipaka gundi ya unga kwa mikono hii. Nililinyoosha ukutani kwa kiganja. Niliwasomea watu waliosimama pale, kwa sauti, na kuwaeleza kama kwamba mimi ndiye niliyeshauri iwe hivyo.

Toka Alhamisi hiyo mpaka Ijumaa ile ya mnunuzi wa ngozi ni siku nane. Malori ya mbao ya Mafinga yanapita Uyole, nje kidogo ya Mbeya, kila siku ya Mungu. Madereva wananijua. Ilitosha kumwambia mmoja, "Mwambie dada nilikosea." Maneno machache, hata karatasi haikuhitajika. Nilifika Uyole mara mbili katika siku hizo. Nilisimama sokoni nikanunua karanga. Nikaliona lori, nikamwona dereva, nikampungia mkono, nikala karanga zangu.

Nilijiambia utasikia mwenyewe. Nilijiambia mwalimu atawaeleza. Lakini sababu ya kweli ni kwamba katika dunia nzima palikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akiniamini, na nilishindwa kumwambia huyo huyo kwamba sijui Kiingereza.

Krismasi ile nilikuja. Nilimkuta Mama Erasto njiani, akaniambia, "Mjomba, umekuja kutuletea kengele?" na wenzake wakacheka. Nilipofika kwako nikaelewa yote kabla hujafungua kinywa, kwa jinsi nyumba ilivyokuwa kimya. Ulinipakulia ugali na mboga ya maboga. Nikataka kusema. Ukaniambia, "Kula, Asa. Yamekwisha." Kisha, nilipokuwa natafuna, ukauliza taratibu, "Na wale wazee wa Bodi, hawajambo?"

Nikajibu, "Hawajambo, wanakusalimu."

Mpaka leo sijui uliuliza kwa kuwa bado uliniamini, au ulikuwa umenifungulia mlango nipite na nikakataa. Nimeligeuza swali lako kila upande. Kila upande linanichoma.

Halafu ikaja baridi ya Juni, na homa ya kifua, na ukaondoka upesi hata ndugu wa Iyunga hawakuwahi. Siku ya kukuzika ile rimu ilipigwa kidogo tu, ngo, ngo, ngo, kama mtu anafukuza ndege shambani. Kwaya haikuja. Wachache waliokuja, wengine walikuwa wamejitanda zile kaniki zako. Nami nikapewa nafasi niseme neno la ndugu. Hapo nilikuwa na watu, nilikuwa na kaburi lako mbele yangu. Unajua nilisema nini? Nilisema Bodi ya Fedha imeleta rambirambi. Nilisema wazee wale waliposikia walisimamisha kikao. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Bodi hiyo hiyo?" Nikajifanya sikusikia.

Baada ya maziko Atupele akaja na mwanzi. Hakulia, hakupandisha sauti. "Mjomba, nadhani hiki ni chako." Ndani palikuwa na barua yangu, imekunjwa mara nne, na ule muhuri wa zambarau mkali kama siku nilipougonga. Ulikaa nayo muda wote huo. Ungewaonyesha wazee siku ile walipokuuliza, jina lako lingesafika papo hapo. Lakini uliujua ule muhuri. Ulijua tarishi aliyegonga muhuri wa benki kwenye uongo wake atapelekwa wapi. Ukaurudisha mwanzi mahali pake, wakakuita Mama Kengele mpaka mwisho.

Nilirudi nayo Mbeya. Nilitaka kuichoma, sikufichi. Niliikaribisha motoni, pembe moja ikageuka kahawia, nikaona herufi zenye mkia, mkia wako wewe, nikaitoa. Wiki sita niliishi nayo mfukoni. Ijumaa nikaomba ruhusa kwa meneja, nikapanda juu ya viazi.

Leo baada ya mahubiri nikaomba nafasi. Mzee wa kanisa akatabasamu, "Mjomba, hadithi zako tutazisikia nje, watu wana njaa." Kanisa likacheka. Nikasema kengele niliiua mimi. Wakacheka zaidi. Mama Erasto akasema kwa sauti, "Sasa anambebea marehemu mzigo, jamani, ana moyo huyu!" Dada, nimesema uongo miaka arobaini ukaniamini, na siku niliyoleta kweli ikafukuzwa mlangoni kama mbuzi. Nikampa mwalimu ile barua.

Akaisoma yote, polepole. Akaiinua juu watu waone muhuri. Hakuna aliyecheka.

Ningeweza kukaa hapo. Wangesema mjomba hakusoma vizuri, si kosa, Kiingereza ni kigumu. Niliona kabisa nyuso zimeanza kunionea huruma, na nafsi yangu ya zamani ikanivuta koti, kaa, kaa. Zile siku nane hazina barua, dada. Hazina shahidi. Nikazisema kwa mdomo huu. Tangazo nililolipaka gundi, lori la Uyole, karanga. Nikasema nilijua, nikanyamaza, na Tumpe alijua ni mimi, akanyamaza ili nisifungwe. Nikasema na habari ya rambirambi za Bodi, kwamba nazo nilizitunga.

Wakaniamini. Sikuwa na karatasi wala muhuri, wakaniamini. Sikujua kwamba kuaminiwa kunaweza kuuma namna ile.

Mama Erasto akasimama. Nilifikiri anakuja kunipiga, nami nilikuwa tayari. Akanipita. Akatoka nje, tukasikia rimu inaanza. Aliipiga kama inavyopigwa kwa mama wa usharika aliyeheshimiwa, pigo moja kwa kila mwaka wa umri, na kwa kuwa hakuujua umri wako akaendelea tu, akaendelea, mpaka wanaume wakataka kwenda kumshika, na mchungaji akasema mwacheni. Kwaya ikatoka. Wakaja wote mpaka kaburini kwako. Nafikiri umesikia. Walikuimbia ulichonyimwa, nami nilisimama pembeni kwenye majani. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyekuja kusimama karibu yangu, ila Atupele, baadaye kidogo.

Kesho asubuhi napanda lori. Barua yenye muhuri naondoka nayo, nitaiweka mezani kwa meneja mwenyewe na kumwambia niligonga mimi. Kama ni kufukuzwa nitafukuzwa, kama ni kufungwa nitafungwa. Naogopa, dada. Nilipokuwa nasema uongo sikuwahi kuogopa hivi.

Mambo mengine ya hapa: paa linavuja upande wa jiko, nimelishindilia majani. Mbuzi wako amezaa mmoja. Mama Erasto alipopita hapa mchana alileta maziwa, akamwita binti yako "mwanangu", akaondoka bila kunitazama. Ni haki yake.

Nataka kukuahidi kengele. Ahadi imeshafika kwenye ncha ya kalamu, tena kengele kubwa, itakayosikika mpaka Iringa mjini. Nimeizuia. Sijui kama nitakuwa na kazi kesho kutwa, sijui kama nitakuwa nje au ndani. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo. Nikiwa sijui jambo, nitasema sijui. Nikikosea, nitaituma habari kwa lori la kwanza litakalopita. Na kama nitabaki huru nitakuja kila msimu wa kupanda kumlimia Atupele viazi, kwa jembe, si kwa maneno.

Barua hii nitaikunja mara nne, niiweke kwenye ule mwanzi, niutundike juu ya mafiga ulipokuwa. Lala, dada yangu. Usiwaite majirani waje kuniona. Siku moja nikija huko uliko, simama mlangoni uniulize tena wale wazee hawajambo, nami nitakujibu.

Mdogo wako,
Asajile, tarishi

Barua hii sikuigonga muhuri.